Kwa nini tunashindwa kuhama programu za ujumbe tunazozilalamikia?

Mdadisi:
Wanajukwaa, salaam. Januari 2021 WhatsApp ilipowatangazia watumiaji wake masharti mapya ya faragha, malalamiko yalizagaa kila mahali. Telegram ilisema imepata watumiaji wapya milioni 25 ndani ya saa 72, na Signal ilielemewa na wingi wa waliojiunga hadi huduma yake ikakatika kwa muda. Pamoja na hayo yote, WhatsApp ingali programu ya ujumbe yenye watumiaji wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Kupakua programu mbadala ni bure na ni kazi ya dakika chache tu. Je, tatizo ni uvivu wetu, au kuna jambo jingine linalotuzuia?

Mpiga_Hesabu:
Ndugu Mdadisi, mimi nisingeuita uvivu. Kinachomshikilia mtumiaji ni watu waliomo ndani ya programu, si programu yenyewe, na watu hao hawapakuliki. Chukua kundi la watu 20: ndani yake mna jozi 190 za watu wanaoweza kuwasiliana. Mmoja akijitoa peke yake, yeye hupoteza wenzake wote 19, ilhali kila aliyebaki hupoteza mtu mmoja tu na kundi huendelea kama kawaida. Kwa hiyo gharama yote humwangukia anayetangulia, na kila mwenye akili timamu husubiri mwingine aanze. Ongeza kwamba mtu huyo huyo yumo pia katika kundi la ukoo, la kazini na la wazazi wa wanafunzi, makundi ambayo wanachama wa moja hawawafahamu wa jingine. Hata akifaulu kulihamisha moja, mengine humrudisha kule kule.

Upo utafiti uliotolewa mwaka 2023, ukiongozwa na mchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, uliowahusu wanafunzi wa vyuo nchini Marekani wanaotumia TikTok na Instagram. Wanafunzi hao walitaka walipwe ili wafunge akaunti zao kwa wiki nne wakati wenzao wakiendelea, lakini wengi wao walikuwa tayari kutoa fedha zao wenyewe iwapo akaunti za wote, zao zikiwemo, zingefungwa kwa pamoja. Kwangu mimi hilo linajibu swali lako kuliko hotuba yoyote kuhusu nidhamu ya mtu binafsi.

Fundi_Seva:
Naunga mkono, ila niongeze kwamba hali hii haikuletwa na maumbile, imejengwa. Baruapepe hutumia kanuni za wazi zilizochapishwa tangu mwaka 1982, ndiyo maana mteja wa kampuni moja humwandikia mteja wa kampuni nyingine bila kuulizana wanatumia huduma gani. Programu nyingi za ujumbe zilichagua kufunga mlango huo, na kampuni yenye watu wengi haina sababu ya kibiashara ya kuufungua kwa hiari. Umoja wa Ulaya umelazimisha: sheria yake ya masoko ya kidijitali ya mwaka 2022, ambayo wajibu wake ulianza kuzibana kampuni kubwa Machi 2024, inaitaka Meta, kampuni inayomiliki WhatsApp, Messenger na Facebook, iruhusu huduma nyingine zinazoomba kuunganishwa na WhatsApp na Messenger. Mastodon nayo, mtandao wa kijamii unaoendeshwa na seva nyingi zinazojitegemea (yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti), humruhusu mtu kuhamia seva nyingine akiwa na wafuasi wake, ingawa machapisho yake ya zamani hubaki nyuma. Hatua hiyo ni ndogo, lakini wafuasi ndio mtaji wa mwenye akaunti.

Asiyeshawishika:
Tusiusahau mkono wa wabunifu wa programu. Ukiomba kufuta akaunti ya Facebook, unapewa siku 30, na ukiingia tena ndani ya muda huo unaweza kulibatilisha ombi lako. Mazoea nayo yapo, tusijidanganye.

Mdadisi:
Nashukuru. Basi kama anayetangulia peke yake ndiye anayeumia, kuna njia gani ya kuanza?

Mpiga_Hesabu:
Kidole kimoja hakivunji chawa: hama na kundi zima, usihame kama mtu mmoja. Chagua kundi dogo ambalo wanachama wake hawana shughuli nyingi za pamoja kwingineko, mkubaliane tarehe, kisha admini alibadilishe kundi la zamani ili maadmini pekee waweze kutuma ujumbe. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ambayo wengi huiruka, na pakiachwa nafasi ya kuandika kule kwa zamani, mazungumzo hurejea huko kabla ya mwezi kwisha. Kundi la kazini liache kwanza, maana mara nyingi aliyelianzisha ni mwajiri na uamuzi wa kulihamisha ni wake.