Ushauri: pawa saplai ya pedali tano za gita kwa umeme wetu wa volti 240

Mpigagita wa Mbale

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijatoa fedha. Ninapiga gita la umeme kanisani hapa Mbale, na Jumamosi nyingi huwa kwenye harusi na kwanjula (sherehe za kutambulishana kwa wachumba). Ubao wangu una pedali tano (vifaa vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gita), zote za volti 9 zenye hasi katikati: tuna ya kupatanishia nyuzi (miliampia 30), ovadraivu ya kukwaruza sauti (10), korasi ya analogi (20), dilei ya dijitali ya kurudiarudia sauti (65) na riveb kubwa ya dijitali ya mwangwi ambayo lebo yake inadai miliampia 300. Zote zinalishwa na adapta moja ya miliampia 500 kupitia waya mmoja wenye vichwa vingi. Tangu riveb ilipoingia ubaoni kuna mlio mwembamba kama wa mbu, unaosikika hata nikiwa sijagusa nyuzi, na ukizidi kila ninapowasha ovadraivu.

Nimepata chaguo tatu. Mjomba wangu aliyeko Marekani yuko tayari kunipa pawa saplai yake ya transfoma yenye njia nane (matundu ya kulishia pedali), iliyoandikwa volti 120, hezi 60. Dukani Kampala nimeona ya swichingi (inayobadilisha umeme kwa saketi ya kielektroniki badala ya transfoma kubwa), volti 100 hadi 240, na muuzaji ananihakikishia kwamba kila njia imejitenga, yaani haishirikiani waya na nyingine. Ya tatu ni ya betri ya kuchaji, ambayo inanivutia kwa sababu umeme wetu hukatika. Bajeti yangu haivuki shilingi 450,000. Je, nichukue ipi?

Fundi Solda, Katwe

Ndugu yangu, hesabu yako inafika miliampia 425, kwa hiyo adapta ya 500 haijazidiwa, ingawa inafanya kazi karibu na kikomo chake. Tatizo lako ni kushirikiana, wala si uhaba. Pedali ya dijitali ina saa ya ndani inayouvuta mkondo kwa mapigo ya haraka sana, na mapigo hayo yanapopita katika waya wa hasi unaotumiwa na pedali zote, yanaingia kwenye njia ya sauti ya jirani zake. Ovadraivu yako inakuza kila inachopokea, na ndiyo maana mlio unapanda ukiiwasha. Zaidi ya hayo, pedali zimekwisha kuunganishwa hasi kwa hasi kupitia ngao za nyaya za sauti, kwa hiyo waya wa vichwa vingi unaongeza muungano wa pili na kufanya mzingo, yaani duara la waya linalonasa kelele.

Ukitaka uhakika bila kununua chochote, ondoa dilei na riveb kwenye waya huo, uziache pedali tatu za analogi peke yake, kisha usikilize. Mlio ukitoweka, unahitaji njia zilizojitenga kiumeme, angalau kwa zile mbili za dijitali.

Dada wa Besi, Gulu

Naongeza kuhusu zawadi ya mjomba, maana hapo ndipo ninapoona hatari. Tafadhali usiichomeke ukutani kwa kubadilisha plagi tu. Transfoma iliyosukwa kwa volti 120 ikipewa 240, kiini chake cha chuma hushiba sumaku, mkondo hupanda kupita kiasi, na fyuzi ikikawia, nyaya za ndani huungua.

Wapo watakaokushauri ununue transfoma ya kushusha umeme hadi 110. Inawezekana, lakini usisahau kwamba hezi hazishuki pamoja na volti. Chombo kilichopimwa kwa volti 120 na hezi 60 kina uwiano wa volti kwa hezi wa 2, ilhali volti 110 kwa hezi 50 ni 2.2, yaani kiini kinabeba sumaku asilimia kumi zaidi ya iliyokusudiwa na kitapata joto zaidi. Vilevile, nyingi za pawa saplai za namna hiyo zina njia za miliampia 100 kwa sehemu kubwa, na riveb yako haitaridhika na njia kama hiyo. Mshukuru mjomba, kisha umwombe nyuzi za gita.

Mpigagita wa Mbale

Nimefanya jaribio la Fundi, na ni kweli: pedali tatu za analogi zikiwa peke yake, kimya. Nina maswali mawili. Je, njia ya miliampia 500 haitaiunguza ovadraivu inayohitaji 10 tu? Na nitajuaje kwamba muuzaji anasema kweli kuhusu njia kujitenga?

Fundi Solda, Katwe

Haitaiunguza. Pedali huchukua mkondo inaouhitaji na kuuacha uliobaki. Kinachoua pedali ni volti kuzidi au chanya na hasi kugeuzwa. Kwa hiyo angalia swichi za volti, kwa sababu baadhi ya pawa saplai zina njia zinazobadilika kati ya 9, 12 na 18, na kidole kizembe kwenye swichi hiyo kinaweza kukugharimu pedali.

Kuhusu kujitenga, nenda dukani na mita yako. Chombo kikiwa kimechomolewa kwenye umeme, weka mita kwenye ohmu, gusa hasi ya njia moja na hasi ya njia nyingine. Kwa pedali kama zako hasi ni ile ncha ya katikati. Mita ikisoma karibu na sifuri, njia hizo zinashirikiana hasi, hata kama kasha limeandikwa vinginevyo. Rudia kwa kila jozi, kwani vipo vyombo ambavyo njia kadhaa zimejitenga na nyingine zimeunganishwa kimyakimya. Duka likikataa kipimo hiki, mimi ningeondoka.

Mwanakwaya wa Fort Portal

Naunga mkono swichingi, kwa sababu moja ambayo haijatajwa. Pawa saplai ya transfoma yenye kirekebisha volti cha kawaida huhitaji akiba ya volti, yaani volti za ziada juu ya zile inazotoa, ili ifanye kazi. Umeme ukishuka hadi 180 wakati wa jioni, au jenereta ikilegea, akiba hiyo huisha, na mngurumo wa hezi 100 unapenya hadi kwenye pedali. Swichingi ya 100 hadi 240 inabaki na nafasi ya kutosha chini, ingawa haina nafasi juu. Jenereta ya harusini ikipandisha hadi 280 itakuwa hatarini. Kwa hiyo weka stabilaiza (kifaa cha kusawazisha volti) mbele yake na mbele ya amplifaya pia.

Strymon Zuma yenye njia tisa za miliampia 500, na Cioks DC7 yenye njia saba za miliampia 660 kwa volti 9, ni vyombo vizuri sana, lakini vinapita bajeti yako. Kwa pedali zako inatosha njia sita, mbili zikiwa za 300 kwenda juu, na kwa riveb ningechagua ya 500 ili isikimbizwe hadi mwisho wa uwezo wake.

Dada wa Besi, Gulu

Betri ningeiacha. Umeme ukikatika, amplifaya nayo imezimika, sasa pedali zitamwimbia nani? Isitoshe, nyingi hupandisha volti za betri hadi 9 kwa saketi moja, kisha huigawa kwa njia zote, na hapo unarudi kwenye mlio uleule.

Mpigagita wa Mbale

Nimeelewa. Nitakwenda Kampala na mita. Je, mlio ukiisha na mngurumo mzito ukabaki, niangalie wapi?

Fundi Solda, Katwe

Hapo kwa kawaida pawa saplai haina lawama. Chomeka amplifaya, ubao na mikseta kwenye soketi ya chanzo kimoja, kisha hakikisha waya wa athi wa ukumbini unafika ardhini kweli. Ukiona mtu anakata pini ya athi ili kuondoa mngurumo, mzuie, kwa sababu hitilafu ikitokea kwenye amplifaya, njia itakayobaki ya umeme kufika ardhini ni kupitia nyuzi za gita, mikono yako na maikrofoni iliyo karibu na midomo yako.