Kadi za kikapu za miaka ya 1990 na jezi yenye sahihi: nizitunzeje hapa Lamu, na zina thamani gani?

Mwana wa Langoni (Lamu)

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mjomba wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na miaka ile meli yao ilikuwa ikitia nanga Houston mara kwa mara. Sasa amestaafu, na amenikabidhi boksi zima la kadi za mpira wa kikapu, zile zenye picha za wachezaji, pamoja na jezi nambari 34 ya Houston Rockets, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, yenye sahihi ya nyota wao Mnigeria, Hakeem Olajuwon, kifuani. Kadi nyingi ni za misimu ya 1990–91 hadi 1993–94, za chapa mbalimbali: Hoops, Fleer, Upper Deck, na fungu moja la Topps Stadium Club zenye kung'aa ambazo zimegandana zikawa kipande kimoja. Kuhusu jezi, mjomba anasema sahihi aliipata mwaka 1994, Rockets walipotwaa ubingwa kwa mara ya kwanza.

Nina mambo mawili ya kuuliza. Nyumba yetu ni ya kale, ya mawe na chokaa, na kila masika yakiingia kuta za chumba cha chini hutoa unyevu. Humo ndimo nilimoziweka kadi, nyingi zikiwa ndani ya kasha la mbao la bibi, na zile nzuri zaidi nimezipanga kwenye vidaka ili wageni wazione. Je, utaratibu huu unafaa? La pili ni bei. Vijana wa mtaani wameona kwenye simu kwamba kadi za Michael Jordan huuzwa kwa mamilioni, na sasa kila anayenipita ananishauri niuze.

Pwani Kadi (Malindi)

Waaleikum salaam. Nitajibu la utunzaji, kwa kuwa ndilo lenye haraka.

Karatasi hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50, ilhali hewa ya kwetu, Malindi na Lamu, mara nyingi hupita asilimia 70. Kadi zako zenye kung'aa ndizo zinazoumia kwanza, kwa sababu tabaka la juu halinyonyi maji na karatasi iliyo chini yake hunyonya. Upande mmoja ukitanuka na mwingine ukabaki ulivyo, kadi hujikunja. Stadium Club za miaka hiyo zinajulikana kwa kugandana hata katika nchi zisizo na joto kama letu. Usizivute. Shika kipande chote kwa mikono miwili, kikunje kidogo sana huku na huku mpaka usikie kadi zikiachana zenyewe, na zile zitakazokataa ziache. Ukilazimisha, uso wa picha utabanduka na kubaki kwenye mgongo wa kadi iliyo juu yake.

Kasha la bibi liache na nguo na udi wake. Mbao hutoa mvuke wenye asidi ambao hugeuza karatasi kuwa ya manjano, na kasha likikaa sakafuni mchwa hawabishi hodi. Vidaka navyo vinapendeza mno kwa macho, lakini vimechimbwa ndani ya ukuta uleule unaotoa maji, na mwanga wa mchana hupausha wino. Nunua vifuko laini vya plastiki vya kipimo cha kadi, inchi 2.5 kwa 3.5, kisha ile unayoijali zaidi iingie pia ndani ya kifuniko kigumu. Hakikisha plastiki hiyo si ya PVC, kwa kuwa PVC hulainika kwa joto na kushika wino. Halafu zote ziingie katika boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana, pamoja na vipakiti vya silika jeli kama vile vinavyokuja na viatu vipya, na boksi likae ghorofani, mbali na ukuta. Kazi ya kuzipanga upya ifanye Januari au Februari, wakati kaskazi inavuma na mvua hakuna, maana ukifunga boksi katikati ya masika utakuwa umefungia unyevu ndani. Ondoa pia rababendi na pini zote. Chumvi ya bahari huozesha chuma, na kutu haitoki kwenye karatasi.

Jezi usiifue. Ikunje bila mkunjo kupita juu ya sahihi, uivingirishe katika kitambaa safi cheupe cha pamba, na uiweke gizani.

Kadi Kongwe (Mombasa)

Ndugu yangu wa Malindi amemaliza la unyevu. Mimi nitasema la bei, na pengine halitawafurahisha vijana wa mtaani kwako.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wa Marekani waliona kadi za zamani zikipanda bei, kadi ambazo wazazi wao walizitupa zilipokuwa hazina maana, wakaanza kununua mpya na kuzificha kama akiba. Viwanda vilijibu kwa kuchapa kadi bila kipimo. Matokeo yake ni kwamba kadi za 1990 hadi 1993 zilizotunzwa vizuri ziko tele mpaka leo, na kitu kilicho tele hakina bei. Sehemu kubwa ya boksi lako haitafikia hata gharama ya kuituma ng'ambo.

Kadi ya Jordan waliyoiona vijana ni ya Fleer, msimu wa 1986–87, nambari 57 katika seti ya kadi 132. Januari 2021 mbili kati ya hizo, zilizopewa alama 10, ya juu kabisa, na PSA, kampuni ya Marekani inayokagua kadi na kuzipa alama ya ubora, ziliuzwa kwa dola 738,000 kila moja. Ile ya dola milioni 12.9 iliyouzwa Agosti 2025 ni kitu kingine kabisa: ni ya msimu wa 2007–08, iko moja tu duniani, ina sahihi za Jordan na Kobe Bryant na vipande vya jezi zao. Kadi ya Jordan ya Hoops au Upper Deck iliyomo kwenye boksi lako ina jina lilelile, ila soko lake ni la senti. Na ikiwa kwa bahati umeikuta hiyo nambari 57, usishangilie kabla hujaitazama kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu ni miongoni mwa kadi zilizoghushiwa zaidi katika historia. Katika kadi halisi picha imejengwa kwa nukta za rangi, lakini maandishi meusi ni wino mzito wenye kingo safi. Iliyonakiliwa kwa skana huonyesha nukta hata ndani ya herufi.

Pamoja na hayo, boksi halikosi vya kutafuta. Tafuta Shaquille O'Neal wa 1992–93, msimu wake wa kwanza, hasa akiwa katika fungu dogo la Stadium Club liitwalo Beam Team. Tafuta pia Dikembe Mutombo, Mkongo, wa 1991–92. Katika Hoops za 1990–91 itazame kadi ya Mark Jackson wa New York Knicks: katika picha, nyuma ya Jackson, kando ya uwanja, wameketi ndugu wawili wa Menendez, waliowaua wazazi wao Agosti 1989 na wakati huo walikuwa bado hawajakamatwa. Watu waligundua jambo hilo mwaka 2018, na kadi iliyokuwa haina mnunuzi ikaanza kutafutwa. Binafsi sioni raha ya kumiliki kadi kwa sababu ya mauaji, lakini soko halikuniuliza.

Suala la kuzipeleka kwa kampuni za ukaguzi kama PSA, Beckett au SGC zipewe alama ya 1 hadi 10, kwa sasa liweke kando. Ada, posta na bima ya kwenda na kurudi Marekani vitazidi bei ya kadi zenyewe.

Binti Shela (Lamu)

Kaka, kabla ya kuzungumzia sahihi, tuambie jezi ni ya rangi gani. Rockets walishinda ubingwa wa 1994 na wa 1995 wakivaa jezi za nyekundu au nyeupe. Jezi za bluu iliyokolea zenye mistari myembamba zilianza msimu wa 1995–96. Tazama na lebo: Adidas ilishona jezi za ligi kuanzia 2006 hadi 2017, na Nike ikachukua hapo, ilhali Olajuwon alicheza msimu wake wa mwisho 2001–02. Lebo hizo zikionekana, basi ni jezi ya ukumbusho iliyoshonwa baadaye.

Cheti cha kuthibitisha sahihi nacho kisikutulize haraka, maana nguvu yake ni ya aliyekitoa. Miaka ya 1990 sahihi za kughushi zilienea Marekani hata FBI ikaendesha msako mkubwa ulioitwa Operation Bullpen. Jezi iliyovaliwa uwanjani huthibitishwa kwa kulinganisha mishono na mikunjo yake na picha za mechi yenyewe, na ndiyo sababu ile ya Jordan ya fainali za 1998 ilifika dola milioni 10.1 mwaka 2022. Ya mjomba nadhani ni ya dukani, na hilo si aibu.

Mwana wa Langoni (Lamu)

Ahsanteni sana. Jezi ni ya bluu, ina mistari, na lebo ni ya Champion, si Adidas wala Nike. Mjomba nimemuuliza tena, akasema huenda amechanganya miaka kwa kuwa alifika Houston mara nyingi, ila mkono uliotia sahihi aliuona kwa macho yake. Cheti hakuna. Shaquille nimempata, na Mutombo wapo wawili.

Binti Shela (Lamu)

Basi hakuna kinachopingana. Olajuwon alibaki Houston hadi 2001, kwa hiyo jezi ya bluu inaweza kabisa kuwa na sahihi yake ya kweli; kilichoanguka ni mwaka tu. Mwombe mjomba aandike kwa mkono wake jina la meli, bandari na namna alivyoipata, aweke tarehe, na kama ana picha za safari hizo ziweke pamoja. Mnunuzi wa mbali hatakulipa kwa maelezo hayo, lakini familia itajua ilichonacho.

Kadi Kongwe (Mombasa)

Naongeza moja. Usijaribu kukusanya kila kitu, utachoka na utafilisika. Tayari una Olajuwon na Mutombo; endelea na Waafrika waliofika ligi ile. Mtafute Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, aliyechaguliwa wa pili, na timu ya Memphis, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Kadi zake za msimu wa 2009–10 zimo katika seti zilezile za Curry, na bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya Curry. Mimi ninazo mbili. Ukikubali kunipa Mutombo mmoja, nitakutumia Thabeet kwa basi hadi Mokowe, akiwa ndani ya kifuniko kigumu na kipakiti cha silika.