Acheni kutuuzia nanomita zisizokuwepo

Ndugu wanajamvi, nimechoshwa na udanganyifu huu, na safari hii sitanyamaza. Kila kizazi kipya cha chipu kinapozinduliwa tunaambiwa ni cha nanomita 5 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kisha 3, sasa 2, nasi tunaaminishwa kwamba transista, yaani swichi ndogo za umeme ndani ya chipu, zimefikia udogo huo. Hazijafikia hata kidogo: katika chipu ziitwazo za nanomita 3, kutoka lango la transista moja (sehemu inayoiwasha na kuizima) hadi lango la jirani yake kuna zaidi ya nanomita 40, na hata nyaya zilizosongamana kuliko zote zimepangwa kwa nafasi ya zaidi ya nanomita 20. Namba hiyo ni jina la sokoni tu, na ndiyo maana mwaka 2021 Intel waliweza kulichukua toleo walilokuwa wakilihesabu kuwa la nanomita 10 wakaliita Intel 7.

Kinachoniudhi zaidi ni kile ambacho majina hayo yanakificha. Katika fuwele ya silikoni mpangilio wa atomu hujirudia kila baada ya nanomita 0.54, kwa hiyo nanomita 2 za kweli ni marudio yasiyofika hata manne, na kizuizi chembamba kiasi hicho elektroni hukipenya, umeme ukavuja hata transista ikiwa imezimwa. Tangu katikati ya miaka ya 2000 volteji imegoma kushuka sambamba na ukubwa, joto likawa kikwazo, na kasi ya prosesa ikakwama kwenye gigahezi chache. Tazameni SRAM, kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya chipu yenyewe, ambayo hula sehemu kubwa ya chipu: watengenezaji chipu TSMC walipotoka kizazi cha N5 (kiitwacho cha nanomita 5) kwenda N3E (kiitwacho cha nanomita 3), seli yake, yaani sehemu inayohifadhi biti moja, ilibaki na eneo lilelile la mikromita za mraba 0.021. Kizazi kizima kimepita, na seli haikupungua!

Sidharau kazi ya wahandisi. Mashine za kampuni ya ASML, zinazochora saketi za chipu kwa mwanga, hupiga kwa leza matone 50,000 ya bati kila sekunde ili kupata mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5, ambao hata hewa huufyonza. Malango yanayozunguka njia ya umeme pande zote, na chipu zinazopandishwa tabaka juu ya tabaka, ni maendeleo halisi. Basi yaelezwe kwa vipimo vyake halisi: umbali kati ya malango, umbali kati ya nyaya, idadi ya transista kwa milimita ya mraba na eneo la seli ya SRAM. Mtengenezaji asiyekuwa tayari kuvichapisha aliondoe neno nanomita kwenye matangazo yake.