Je, kunyenyekea ni kunyamaza? Swali kutoka Malindi

Mpishi wa Maweni:

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni mpishi katika hoteli ndogo iliyo karibu na ufuo hapa Malindi, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 14. Wenyeji wanajua kwamba kusi likianza kuvuma mwezi wa Aprili bahari huchafuka na wageni hupungua. Safari hii mwenye hoteli alipunguza zamu, akamfanya mpishi mkuu kijana ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kushika kisu, nami nikarudishwa kwenye kupara samaki na kuosha masufuria, kwa ujira uliopungua. Hakuniita kunieleza, niliikuta karatasi ya zamu imebandikwa mlangoni.

Siku tatu nilinyamaza. Siku ya nne yule kijana aliniambia, tena kwa adabu, kwamba changu niliyemtayarisha bado ana magamba. Nilimjibu kwa maneno nisiyothubutu kuyaandika hapa, na wageni wawili waliokaa barazani wakayasikia. Jumapili nilimweleza mzee mmoja wa kanisa letu, naye akaniambia ninyenyekee, kwa kuwa ndiyo mapenzi ya Mungu. Neno hilo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Naomba mnieleze: mtu wa imani anajishushaje asubuhi ya Jumatatu, mbele ya sinki lililojaa masufuria, bila kusema uongo kwamba hakuumia?

Muuza Mahamri, Kisumu Ndogo:

Pole sana, kaka yangu. Mimi si msomi wa Maandiko, lakini jambo moja nimelizoea. Saa kumi alfajiri, kabla ya kukanda unga, humweleza Mungu shida yenyewe kwa jina lake: mafuta yamepanda, mteja fulani ana deni la wiki mbili, nami nimemchukia. Simpambii maneno. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inakwisha gizani, wala hakuna aliyeiondoa katika Biblia kwa sababu haina mwisho wa furaha.

Lakini kwa yule kijana, kaka, umekosa. Kamwombe radhi, na umwombe mbele ya wale waliosikia, si pembeni. Usingoje mwenye hoteli akuombe wewe kwanza, maana hayo ni madeni mawili tofauti.

Mzee wa Kanisa, Mambrui:

Mwanangu, nimesikitika kusoma kwamba mwenzangu alikujibu kwa sentensi moja. Sisi wazee hupenda kusema “ni mapenzi ya Mungu” tunapokuwa na haraka ya kwenda kula, na namwomba Mungu anisamehe kwa mara nilizofanya hivyo mimi mwenyewe. Mwenye hoteli kupunguza ujira bila kukuita ni uamuzi wa mwenye hoteli.

Soma Yohana 18, aya ya 22 na 23. Bwana wetu, ambaye usiku uleule alikuwa amejifunga kitambaa na kuwaosha wanafunzi miguu, alipigwa kofi na mtumishi wa kuhani mkuu. Hakurudisha kofi, lakini pia hakunyamaza: alimtaka aliyempiga aonyeshe ubaya uko wapi katika aliyoyasema, na kama haupo, aeleze kwa nini amempiga. Paulo naye, katika Matendo 16, alikuwa amepigwa viboko hadharani huko Filipi bila kuhukumiwa, na mahakimu walipotaka aondoke kimyakimya alikataa, akawataka waje wenyewe kumtoa. Huyo ndiye mtu yule aliyewaandikia Wafilipi kwamba kila mmoja amhesabu mwenzake kuwa bora kuliko nafsi yake. Kwa hiyo kuuliza sababu si kiburi. Nenda kwa mwenye hoteli, useme kwa sauti ya chini.

Hata hivyo, sitakuficha upande wa pili. Naamani, jemadari wa Shamu aliyekuwa na ukoma, alikasirika kwa sababu nabii Elisha hakutoka nje kumlaki, na kwa sababu mto wa Yordani, alikoambiwa akaoge ili apone, aliuona duni mbele ya mito ya kwao. Habari za nabii alizipata kwa kijakazi mateka, na waliomtuliza hasira hata akashuka kujichovya mara 7 walikuwa watumishi wake. Uponyaji wake wote ulipitia vinywa vya watu wa chini yake. Sasa nakuuliza, mwanangu: je, yule changu alikuwa na magamba, au hakuwa nayo?

Mwalimu Mstaafu, Malindi:

Namwunga mkono mzee wangu wa Mambrui, nami naongeza mfano wa papa hapa katika kaunti yetu ya Kilifi. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyeishi Rabai, aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848 akaandika kwamba una theluji. Mabingwa wa jiografia huko Uingereza, ambao hawakuwa wamekanyaga huku, walimkejeli. Hakuikana theluji ili aonekane mpole, wala hakuacha kazi yake ili awafuate kubishana. Aliendelea na kamusi zake na waumini wake wachache mpaka msafara wa mpelelezi Mjerumani, von der Decken, ulipothibitisha habari hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1860. Aliondoka Rabai mwaka 1875 akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata. Nasema haya ili usidhani kwamba ukijishusha leo utarudishiwa cheo kaskazi likirudi. Huenda usirudishiwe.

Mpishi wa Maweni:

Shikamoo, wazee wangu, na asante, dada. Swali la mzee lilinikosesha usingizi, kwa sababu jibu ni ndiyo: changu alikuwa na magamba, tena mengi, chini ya tumbo na kandokando ya mapezi. Nilikuwa nimempara kwa hasira.

Jana nilimwomba kijana radhi mbele ya wahudumu wote. Wale wageni walikwisha ondoka, kwa hiyo deni lao limenibakia. Kijana hakusema neno. Alichukua steliwaya akasimama kando yangu penye sinki, tukamaliza masufuria pamoja. Nakiri kwamba ilinichoma zaidi kuliko angenijibu.

Mwenye hoteli yuko Mombasa, atarudi Alhamisi. Nimeandika kwenye karatasi mambo nitakayomuuliza: ujira wangu, na kwa nini hakuniita. Palikuwa na la tatu, kuhusu kijana huyo kuwekwa juu yangu. Hilo nimelikata kwa kalamu.