Mafundi mnaotubadilishia koili (zinazoipa plagi umeme wa cheche) kwa kubahatisha, MNATUMALIZA!

Wakuu, nina hasira na leo sitaficha. Wiki sita na shilingi 440,000 zimeteketea kwenye gari inayomisi, yaani silinda inakosa kuchoma mafuta, na ugonjwa wenyewe ulikuwa pini moja ya soketi. PINI MOJA!

Gari ni Toyota IST, injini 1NZ-FE. Ilianza kumisi tukipanda Kitonga, familia nzima ndani. Nikikanyaga mafuta inatetemeka, nguvu hakuna, taa ya cheki injini inapepesa. Tukifika tambarare inatulia. Niliporudi Dar nikaipeleka gereji. Kijana akachomeka mashine, ikatoa namba ya hitilafu P0302, hapo hapo akatoa hukumu: "Koili ya namba mbili imekufa, mzee. Ila bora ubadilishe zote nne."

P0302 haisemi koili imekufa! Inasema silinda ya pili inamisi, basi. Inaweza kuwa koili, plagi, nozeli inayonyunyiza mafuta, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) au waya. Nilipohoji, akachukua mita akagusisha kwenye pini za koili na kuniambia "unaona, haisomi." Koili za gari hii zina pini nne na saketi ya kuiwasha imo humo humo ndani, kwa hiyo waya wa koili yenyewe huufikii kwa mita kutoka nje. Alichonionyesha hakikuwa kipimo chochote. Mimi wakati ule sikujua, nikalipa.

Koili used nne, 180,000. Gari ikatulia siku mbili, ikarudia. Plagi mpya nne, 120,000. Ikatulia kidogo, ikarudia. Nozeli zikasafishwa, 60,000. Ikarudia. Weka na ufundi 80,000. Sasa ndiyo naelewa kwa nini ilikuwa inatulia: kila walipochomoa na kuchomeka soketi, pini ilikuwa inajisugua na kushika kwa muda. Mwisho wakaniambia masega (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi) yameziba, tuyakate. Nikakataa. Silinda isiyochoma inatupa petroli mbichi kwenye ekzosi, ikaungulie ndani ya masega hadi yaharibike, na wao muda wote huo walikuwa wananiambia niendelee tu kuendesha!

Jirani akanipeleka kwa fundi mwingine, mtu mzima, hana maneno mengi. Ana osiloskopu, mashine inayochora umeme kwenye skrini, na klempu ya ampia, inayokumbatia waya na kupima mkondo. Akachomoa fyuzi inayopeleka moto kwenye koili, pale akaweka kipande cha waya chenye fyuzi yake, akairudisha klempu kwenye sifuri, akaukumbatisha ule waya, akawasha injini. Chaneli ya pili akaiweka kwenye waya wa amri ya koili namba moja (unaoiambia lini itoe cheche), ili ajue kila mlima kwenye skrini, yaani mchoro wa mkondo wa koili moja, ni wa silinda ipi. Mpangilio wa kuchoma ni 1-3-4-2, kwa hiyo ukishajua wa kwanza, iliyobaki unaihesabu tu.

Akaniita niangalie. Milima mitatu ilikuwa sawa: mkondo unapanda kwa mshazari hadi ampia 7 hivi ndani ya milisekunde 3, kisha unakatika ghafla, na hapo ndipo cheche inapotoka. Ule wa silinda ya pili ulipanda kwa uvivu, ukajipinda, ukaishia ampia 4. Akasema koili ikiwa na mizunguko iliyogusana ndani, mkondo huruka wima mwanzoni kabisa. Ukijipinda namna hii na kuishia chini, kuna ukinzani mahali fulani njiani.

Hakusema "nunua koili." Alihamisha koili ya pili kwenda silinda ya tatu, akapima tena. Mlima mfupi ukabaki pale pale, silinda ya pili. Maana yake koili haina kosa. Akafungua soketi, pini ya moto imelegea na kuota kutu ya kijani. Soketi na kazi, 15,000. Chini ya saa moja! Na kwa unyoofu wake akaniambia klempu inaonyesha upande wa kuchaji tu, yaani koili inapojaza umeme kabla ya cheche. Koili inayovujisha cheche pembeni inaweza kuchora mlima mzuri kabisa, hiyo anaipima kwa kifaa kingine.

Msije hapa na hoja ya vifaa ni ghali. Osiloskopu ndogo ya chaneli mbili inapatikana kwa pesa pungufu ya niliyoliwa mimi peke yangu. Na hata bila hiyo, kuhamisha koili kutoka silinda moja kwenda nyingine ni bure. BURE! Hakuna aliyejaribu hata hilo kwa wiki sita.

Kinachoniuma zaidi ni koili zangu za mwanzo, zilizokuja na gari kutoka Japani. Zilibaki gereji. Tatu kati ya hizo hakuna hata aliyewahi kuzilalamikia. Nimepiga simu mara tatu, leo wanasema zilitupwa. Nani anatupa koili nzima za IST mji huu? Kesho asubuhi nipo mlangoni kwao na picha za ile skrini, nazitaka zote nne. Na wewe uliyebadilishiwa koili ukaambiwa "za zamani tuachie," andika hapa chini ilikuwaje.