Nimeuziwa fungu la jeli za taa zisizo na namba. Nizitambue vipi, nizihifadhi wapi, na ipi iende kwenye flashi?

mwanga_wa_ngara

Salaam wadau. Kuna jamaa aliyekuwa akifanya kazi ya taa kwenye matangazo ya televisheni. Anahama nchi, akaniuzia mabaki yake yote ya jeli, zile plastiki nyembamba za rangi zinazowekwa mbele ya taa, kwa bei ya kutupa. Vipande vingine ni vipana kama meza, vingine ni vya kiganja. Kuna chungwa kadhaa ambazo kwa macho siwezi kuzitofautisha, bluu nzito na nyepesi, kijani hafifu, waridi hafifu, nyekundu nzito, na nyingine za kijivu ambazo sijui zilikuwa za nini. Hakuna hata moja yenye namba.

Kazi yangu ni harusi na ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu). Katikati ya wiki nawapiga vijana wa nganya (matatu zilizopambwa) picha za usiku, gari likiwa limewashwa taa zote. Nina flashi mbili za Godox TT600, mwavuli na triga. Naishi bedsita, na baridi hii ya Julai imeleta unyevu hadi kabatini.

Naomba kujua mambo matatu. Nitajuaje ipi ni ipi? Nizihifadhi vipi zisijikunje wala kugandana? Na Jumamosi nina mapokezi ya jioni kwenye ukumbi wa taa za manjano. Kila nikipiga flashi humo, nyuso zinatoka baridi na ukuta wa nyuma unaonekana umemwagiwa Fanta.

Mzee wa Lenzi

Karibu kijana. Kwanza zile za kijivu usizitupe. Hizo ni ND, zinapunguza nuru bila kugusa rangi. Ya 0.3 inakula stopu moja, yaani nusu ya nuru, ya 0.6 inakula mbili. Siku utakayoishusha TT600 hadi 1/128 na bado ikawa kali kwa lenzi iliyofunguliwa f/1.8, utazitafuta.

Kuzitambua ni kazi ya jioni moja. Bandika karatasi nyeupe ukutani, zima taa ya chumba, weka kamera kwenye stendi, WB (mizani ya weupe) iwe 5500K (K ni Kelvini, kipimo cha rangi ya nuru: namba ikishuka nuru ni ya chungwa zaidi) na usiiguse tena. Flashi iwe ya kuseti kwa mkono. Piga mara ya kwanza bila jeli mpaka karatasi ikae katikati ya histogramu (grafu ya mwangaza kwenye kamera). Halafu weka jeli moja moja, piga kwa RAW (faili ghafi la picha), na kila jeli uiandike namba ya picha yake pembeni kwa kalamu ya wino usiofutika. Kisha ongeza nguvu ya flashi mpaka histogramu irudi pale ilipokuwa: kiasi ulichoongeza ndicho jeli inachokula. Kwenye kompyuta bonyeza ile karatasi kwa kidude cha kuchagua weupe na programu itakutajia Kelvini.

Kama ni za kampuni ya Lee na flashi yako inatoa 5500K, tegemea hivi: CTO (chungwa ya kusahihisha) kamili (204) inashuka hadi karibu 2900K, nusu (205) karibu 3400K, robo (206) karibu 4100K, thumni (223) karibu 4800K. Kamili inakula stopu moja kasoro kidogo, nusu inakula nusu stopu, robo kama theluthi. Bluu ya kusahihisha, CTB kamili (201), ni mlafi zaidi, stopu moja na nusu. Za kampuni ya Rosco zinafanya kazi ileile ila vipimo vinapishana kidogo, kwa hiyo usishangae nusu mbili zikakupa majibu mawili. Na ukikosa kamili, pandanisha nusu na robo. Haitalingana kabisa lakini ukumbini hakuna atakayejua.

eastleigh_frames

Kwani haya yote ya nini jameni? Piga RAW, ukifika nyumbani vuta WB, kazi kwisha.

DadaPicha

Kaka, ukivuta WB mpaka ukuta uwe mweupe, bibi harusi anageuka bluu. Ukimrudishia bibi harusi ngozi yake, ukuta unarudi chungwa. Una taa mbili zenye rangi mbili na slaida ni moja. Maski za kurekebisha sehemu moja ya picha zipo, ndiyo, lakini harusi nzima utaipaka maski hadi lini, na mama mwenye harusi anakupigia simu kila asubuhi?

Jeli inamaliza ugomvi huo palepale. Unaipaka flashi rangi ya ukumbi, sasa taa zote zinaimba sauti moja, na WB ya kamera inazirekebisha kwa pamoja.

eastleigh_frames

Hapo umenishika. Na zile taa za DJ zinazobadilika kila sekunde?

DadaPicha

Hizo ziache zicheze. Huwezi kufukuzana nazo. Linganisha flashi na taa za kudumu za ukumbi, hizo nyingine ni sherehe.

Sasa @mwanga_wa_ngara, kuhusu Jumamosi. Ukiweza fika ukumbini mapema, piga leso nyeupe ya mezani bila flashi na uone Kelvini ngapi inaitoa nyeupe. Balbu za LED za manjano zinazouzwa sana hapa huwa 2700K hadi 3000K, kwa hiyo CTO kamili ndiyo jozi yake, na WB uiweke karibu na 3000K. Mimi binafsi naweka nusu badala ya kamili na WB naiacha 3500K hivi. Uso unatoka safi na nyuma kunabaki na joto kidogo. Ukumbi wa usiku ukiufanya mweupe kabisa unafanana na wodi.

Wakikuwekea ile mirija mirefu ya zamani ya fluoresenti, hapo ndipo kijani hafifu inapoingia. Mirija hiyo huwa na ukijani ambao jicho halioni na kamera inaona. Weka kijani kwenye flashi, kamera iweke kwenye WB ya fluoresenti. Watu wengi huchukua waridi wakidhani inafuta kijani. Inafuta, lakini mahali pake ni juu ya taa ya ukumbi yenyewe. Ukiivalisha flashi umeongeza pengo kati ya taa mbili.

Mzee wa Lenzi

Naongeza la ruracio. Chini ya hema jeli nyingi hazikusaidii. Hema jeupe mchana ni softboksi ya bure, flashi tupu inatosha. Hema lenye vitambaa vyekundu au zambarau darini linapaka watu wote rangi, na ukipiga flashi juu ili idunde unajiongezea rangi ileile. Shusha mwavuli, piga kutoka mbele, flashi iwe na nguvu kuliko nuru ya hema.

Bandari_Salama

Wakuu, nawasoma kutoka Dar. Mmesahau moto. Jeli inapokataa rangi fulani kupita, nishati ile haipotei, inageuka joto ndani ya plastiki. Ndiyo maana nzito kama bluu iliyokolea na nyekundu huungua kabla ya chungwa nyepesi. Usiibane jeli ikagusa kioo cha flashi moja kwa moja, acha upenyo wa hewa. Zumu ya flashi ifungue hadi 24mm, ukiacha kwenye 105mm nuru yote inapita sehemu moja ndogo. Na usipige mfululizo kwa nguvu kamili, kwanza kioo chenyewe kinaharibika. Kwa taa za studio zenye balbu ya halojeni ya kuonyeshea, zima hiyo balbu kabla hujaweka jeli.

mwanga_wa_ngara

Mkuu asante. Na naishikiza na nini? Nimeona watu wanatumia selotepu.

Bandari_Salama

Selotepu ikipata joto gundi inahamia kwenye flashi, utaisugua mwezi mzima. Nenda kwa fundi baiskeli umwombe tubu kuukuu, kata pete ya upana wa vidole viwili. Inashika kuliko raba bendi na haikatiki. Vipande vyako vikate vizidi kichwa cha flashi sentimita tatu kila upande ili vikunjwe pembeni, nuru nyeupe isichungulie.

DadaPicha

Nirudi kwenye kuhifadhi maana hilo ndilo ulilouliza na hakuna aliyekujibu.

Maadui wa jeli ni kukunjwa, jua, joto na vumbi. Mkunjo hautoki, na kwenye picha ya ukuta mtupu utauona kama mstari. Kwa hiyo vile vipana viviringishe, usivikunje. Hata dukani huja kwenye roli. Pita Biashara Street hapa Nairobi kwenye maduka ya vitambaa uombe yale mabomba ya karatasi ngumu yanayobaki kitambaa kikiisha, mengi hutupwa. Weka gazeti au karatasi nyeupe kati ya jeli na jeli ili zisigandane, simamisha bomba nyuma ya mlango, mbali na dirisha. Unyevu wa Julai wenyewe hauli plastiki, lakini matone yakikauka juu yake yanaacha madoa, na jeli zilizobanana zikiwa na maji huvutana. Vile vifuko vidogo vya kukausha unavyovikuta kwenye boksi la viatu vinatosha kabisa.

Vidogo vya flashi nunua faili la plastiki lenye mifuko, A4 au dogo zaidi. Na hapa nina msimamo mkali: panga kwa kazi, si kwa rangi. Mfuko wa kwanza ni ukumbi: CTO kamili, nusu na robo, mbili mbili kwa sababu una flashi mbili. Wa pili ni mirija: kijani. Wa tatu ni mchezo: nyekundu, bluu, zambarau. ND mwisho. Ukipanga kama upinde wa mvua, siku ya harusi gizani utatoa nusu ukidhani ni kamili. Andika jina kubwa kwenye pembe ile inayokunjwa, isiyopitisha nuru.

Kusafisha: kitambaa laini chenye unyevu kidogo, basi. Spiriti na thina weka mbali, nyingi za polyester rangi yake imepakwa juu juu na inaweza kutoka. Na usiache faili kwenye buti la gari mchana.

nganya_lens

Swali la nganya limepitwa, na ndilo tamu. Mimi hufanya hivi. Uso wa kijana unapata flashi safi au yenye robo CTO, kutoka pembeni. Flashi ya pili naificha ndani ya gari au nyuma yake ikiwa na bluu au zambarau, inaendeleza rangi ambayo taa za gari zimeanzisha.

Wengi wakiona rangi imetoka hafifu wanaongeza nguvu ya flashi. Ndivyo sivyo. Nuru ikizidi rangi inapauka, inaelekea nyeupe. Shusha nguvu na rangi itakolea. Jambo la pili ni nuru ya flashi ya mbele kumwagikia nyuma, ambako inaosha rangi yote. Sogeza flashi ya mbele karibu na mtu, msogeze mtu mbali na gari, na weka kadibodi nyeusi pembeni ya flashi kuzuia. Umbali ukiongezeka mara mbili nuru hubaki robo, kwa hiyo hatua chache tu zinatosha.

Bluu iliyokolea kabisa, ile Congo Blue ya Lee (181), inapitisha takriban asilimia 1 ya nuru. Hizo ni stopu zaidi ya sita. Kwa TT600 utaisogeza karibu sana au utachagua bluu nyepesi. Nyekundu nayo angalia histogramu ya rangi tatu, si ile ya kijivu: mfereji mwekundu hujaa kabla hujaona dalili yoyote.

Na ukiwatoa mjini, jaribu hii: CTO kamili kwenye flashi, WB 3200K, jengo la KICC nyuma. Ngozi inabaki sawa na anga lote linageuka bluu nzito. Lakini jua letu linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu na giza halikusubiri, una dakika 20 hivi. Flashi iwe imeshasetiwa kabla.

mwanga_wa_ngara

Nimefanya jaribio la karatasi. Chungwa zimegawanyika vizuri: kamili, nusu, robo. Lakini moja imenipa 2900K na imekula karibu stopu mbili. Imechakaa?

Mzee wa Lenzi

Hapana. Zipo zinazotengenezwa kwa madirisha, CTO kamili na ND 0.3 ndani ya karatasi moja, Lee huiita 207. Iandike hivyo, usiichanganye na nyingine za ukumbi, maana Jumamosi ukiiweka kwenye flashi moja na kamili ya kawaida kwenye nyingine utapata upande mmoja giza na utalaumu betri.

eastleigh_frames

Vipande vya nyekundu vikizidi niko tayari kununua viwili. Na kama kuna nusu CTO ya ziada, naichukua pia, nina harusi mwezi ujao.