Mafunzo ya wanaojitolea: jaribio la pochi iliyodondoka linafaa kuonyesha uaminifu wa wasio na makazi?

Zamu_ya_Asubuhi

Habari za humu wakuu. Tunapokea watu 20 wapya wa kujitolea kwenye kituo cha mchana cha watu wasio na makazi. Huduma ni chakula, bafu, kufua, kuhifadhi mizigo na ushauri. Nimepewa dakika 90 nizungumzie uaminifu na ukarimu wa hao tunaowahudumia, maana fomu za maombi zimejaa woga uleule: wataniibia, watanidanganya, ukiwapa hela wanaenda kulewa.

Mwenzangu anataka tudondoshe pochi zenye pesa karibu na wanakolala, turekodi kwa kamera ya siri, kisha tuonyeshe video darasani. Mwingine anasema habari za waliookota mali wakarudisha zinatosha. Mimi zote mbili zinanitia shaka ila siwezi kueleza kwa nini. Wenye ujuzi naomba mnisaidie, na kama mna njia bora, nipeni hatua zake. Nawasilisha.

---

Kipimo_Sahihi

Mkuu, hilo la pochi liacheni. Halipimi mnachodhani linapima.

Jaribio kubwa la aina hii lilichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science: pochi 17,303, miji 355, nchi 40. Hazikutupwa njiani. Zilikabidhiwa kwa watu wa mapokezi, kwenye hoteli, benki, posta na kwingineko, na mkabidhi akadai ameziokota nje na ana haraka. Ndani mlikuwa na kadi zenye baruapepe ya "mwenye mali", kisha watafiti wakahesabu nani ameandika. Pochi zisizo na pesa ziliripotiwa kwa takriban asilimia 40, zenye pesa kidogo asilimia 51. Marekani, Uingereza na Poland waliongeza kiasi hadi kama dola 94, kiwango kikapanda hadi asilimia 72. Watu wa kawaida walioombwa kukisia walitarajia kinyume, na wachumi nao hawakuyakisia matokeo hayo.

Sasa tazama kurudisha kunataka nini. Simu yenye chaji na salio. Mahali pa kuificha pochi usiku kucha isichukuliwe na mwingine. Na moyo wa kuingia kituo cha polisi ukiwa umeshika pochi yenye jina la mtu mwingine, nguo zimechakaa, kitambulisho huna. Karani wa hoteli ana kompyuta mezani, na hakuna atakayemuuliza ameitoa wapi. Anayelala nje hana kimojawapo. Ikipita siku pochi haijarudi mtaandika "hakurudisha", na hapo mtakuwa mmepima ufukara mkauita tabia.

Idadi nayo. Mkidondosha pochi 10 zikarudi 6, hizo 6 mnazilinganisha na nini? Bila kundi la pili lililotegewa pochi zilezile, kwa namna ileile, namba hiyo haina maana, na hata mkiwa nalo, tofauti ya 6 na 7 kati ya 10 inaweza kuletwa na bahati tu.

Halafu kuna ridhaa. Wapo wanaojificha wasionwe na mume aliyewapiga, wapo ambao familia hazijui wanalala wapi. Video moja ikivuja umewaanika. Na nyie ndio mnawaomba wawaamini!

---

Mhariri_Mstaafu

Naunga mkono, niongeze kuhusu hizo habari za magazetini. Zina mtego wa aina nyingine.

Mwaka 2013 zilivuma mbili Marekani. Kansas City, mwanamke alidondosha pete yake ya uchumba ndani ya kikombe cha mtu aliyekuwa akiomba barabarani, naye akaitunza akamrudishia. Boston, mtu aliyeishi kwenye hifadhi (bweni la wasio na makazi) aliokota begi lenye takriban dola 2,400 taslimu na karibu dola 40,000 za hundi za wasafiri, akaita polisi. Zote mbili ni za kweli, na wote wawili walichangiwa pesa nyingi mtandaoni.

Lakini sogea hadi 2017. Manchester, baada ya shambulio la bomu la mwezi Mei, mtu mmoja asiye na makazi alisifiwa dunia nzima kwa kusaidia majeruhi. Mwezi Januari 2018 alifungwa kwa kuwaibia majeruhi walewale. Mwaka huohuo wa 2017, wapenzi wawili wa New Jersey walitangaza kwamba mtu asiye na makazi alitoa dola zake 20 za mwisho kumnunulia mmoja wao mafuta ya gari. Zaidi ya dola 400,000 zilichangwa. Waendesha mashtaka walibaini baadaye kwamba kisa kilitungwa na wote watatu, na wachangiaji wakarudishiwa pesa.

Ukijenga somo juu ya shujaa mmoja, siku akianguka linaanguka nalo, na mwenye woga wake atasema "si niliwaambia". Kwa hiyo ukizitumia, weka zote nne mezani pamoja. Waulize wanafunzi: yule wa Manchester mbona anatajwa kuwa kielelezo cha wasio na makazi, ilhali karani wa benki akiiba hatusemi "makarani ndivyo walivyo"?

Pete ya Kansas City ina kipande ambacho wengi hukikata. Yule aliyeirudisha alisimulia kwamba aliipeleka kwanza kwa sonara, akaambiwa ingemletea dola 4,000. Alijua thamani yake. Msikiondoe hicho, kwa sababu malaika hawafundishi mtu kitu, ila mtu aliyepima akaamua anafundisha.

Na angalieni neno "hata" kwenye vipeperushi vyenu. "Hata asiye na makazi ana utu." Hilo "hata" ndilo lenye dharau yote, sentensi iliyobaki haina shida.

---

Nungunungu

Tusidanganyane jamani. Wizi kwenye hifadhi upo. Mkiwaambia wageni kwamba wote ni waaminifu, wiki ya kwanza simu ya mtu itapotea na watawaona waongo.

---

Stoo_na_Leja

@Nungunungu uko sahihi, na hilo lisemwe darasani waziwazi. Ila lisemwe lote: anayeumizwa zaidi ni nani? Utafiti wa Crisis, shirika la Uingereza linalosaidia wasio na makazi, wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanaolala nje wana uwezekano karibu mara 17 zaidi wa kufanyiwa ukatili kuliko watu wengine. Bweni la vitanda 30, mlango mmoja, hakuna kabati lenye kufuli: weka watu wowote humo, wanafunzi wa chuo au wanajeshi, vitu vitapotea. Kufuli hupunguza wizi kuliko mahubiri.

Sehemu ya "wizi" vituoni hutokana na utunzaji mbovu wa mizigo. Mtu anaacha begi, zamu inabadilika, anayefuata anaona begi chafu lisilo na lebo, analitupa. Mwenyewe anarudi, dawa zake na vyeti havipo, anamshika jirani. Ugomvi. Kisha tunaandika kwenye daftari kwamba wateja ni wakorofi.

Fanyeni hivi. Kila mzigo uwe na tiketi ya vipande viwili vyenye namba moja, kimoja kwenye begi na kimoja kwa mwenyewe. Leja iwe na tarehe, namba, jina analopenda kuitwa, alama moja ya begi, na siku ya mwisho ya kuhifadhi ambayo ameambiwa kwa mdomo. Vyeti, dawa na pesa vihesabiwe mbele yake, viingie kwenye bahasha inayofungwa kwa gundi, asaini yeye na wahudumu wawili. Hakuna kutupa kitu bila saini mbili, na ipite angalau wiki moja baada ya siku ya mwisho, kwa sababu mtu anaweza kuwa amelazwa hospitali au yuko mahabusu. Tiketi ikipotea, asikataliwe: aeleze vitu vitatu vilivyomo ndani kabla begi halijafunguliwa.

Vilivyookotwa pia viwe na leja yake. Mteja akileta simu aliyoiokota, mpeni risiti palepale yenye saa na maelezo ya kifaa. Bila risiti, akisimamishwa njiani na mtu aliyemwona ameishika, hana la kujitetea nalo. Wakishajua risiti ipo, vitu vitaletwa, kwa sababu mmeondoa hatari ya kuleta.

Kuhusu ukarimu, hapo ndipo wageni hupotea zaidi, kwa kuwa unafanana na uchoyo. Mtu anachukua sahani mbili. Kijana mwenye fulana mpya ya kujitolea anamzuia: "Moja kwa kila mtu!" Kumbe ya pili ni ya mwenzake aliyebaki nje analinda mizigo ya watu wanne. Mtaani kugawana ni bima. Leo nina sigara na blanketi la ziada, wewe huna. Kesho nitaumwa, wewe utanishikia nafasi yangu na kuniitia gari la wagonjwa. Asiyetoa hulindwa na nani? Ndiyo maana mtu akipata pesa hugawa haraka kuliko mnavyotamani. Mshauri anaona hajui kuweka akiba, wakati akiba yake ameiweka kwa watu, maana mfukoni ingeibwa usiku huohuo. Ukarimu huo unabana pia: anayepata chumba huwaletea wenzake walale, mwenye nyumba anamfukuza. Zungumzeni na mteja huyo mapema kuhusu wageni na idadi yao, bila kumwambia awatupe marafiki.

Jikoni tumieni swali moja tu, "Unampelekea nani?", kwa sauti ya kawaida, kisha tiketi ya pili. Tengeni sehemu kumi za ziada kwa kila mia moja, mhesabu kwa wiki mbili, ndipo mrekebishe.

---

Kipimo_Sahihi

Narudi kwa lile la "ukiwapa hela wanalewa", maana lina ushahidi na linafaa zoezi.

Vancouver, Kanada, kulifanyika jaribio lililochapishwa 2023 katika jarida la kisayansi la PNAS. Watu 50 wasio na makazi walipewa dola 7,500 za Kanada kila mmoja, kwa mkupuo, bila sharti. Wengine 65 hawakupewa. Katika mwaka mmoja waliopewa walikuwa na siku 99 pungufu bila makazi na siku 55 zaidi kwenye makazi ya kudumu. Matumizi yao ya pombe, sigara na dawa za kulevya hayakuongezeka kuliko ya wenzao. Hifadhi nazo ziliokoa gharama zilizozidi kiasi walichopewa, kwa tofauti ya dola 777 kwa kila mtu.

Msiuze jaribio hili kupita kiasi. Washiriki walikuwa hawajafika miaka miwili bila makazi, na wenye ulevi mkali au maradhi makali ya akili waliondolewa kwenye mchujo. Kwa hiyo halisemi kwamba kila mtu apewe pesa apone. Linasema kisio la kawaida ("wote watalewa") si sahihi kwa kundi hilo, ambalo si dogo. Watafiti Kuhn na Culhane, 1998, walipochambua rekodi za hifadhi za New York na Philadelphia waliona takriban asilimia 80 ya watumiaji hukaa kipindi kifupi kisha hawaonekani tena. Yule mnayemwona kila siku pale pale ndiye anayekaa kwenye kumbukumbu, wengine wamepita hamkuwajua.

Zoezi: gawa karatasi, kila mtu aandike kimyakimya anakisia waliopewa walitumia kiasi gani zaidi kwenye ulevi. Kusanya kwanza, ndipo useme matokeo. Wakikisia kwa mdomo, wote watamfuata wa kwanza au watajipendekeza kwa mwalimu.

---

Zamu_ya_Asubuhi

Wakuu, ahsanteni sana, pochi nimezifuta kabisa. Nipangieni basi hizo dakika 90. Na je, tumwalike mmoja wa wateja wetu aje asimulie maisha yake?

---

Stoo_na_Leja

Makisio na majibu yake, dakika 15. Zile habari nne za Mhariri, 20. Leja, tiketi na sahani ya pili kwa igizo la wawiliwawili, 35, hapo msiharakishe kwa sababu ndiyo kazi watakayoifanya kesho yake. Zilizobaki, 20, mpeni mgeni.

Ila asije kusimulia maisha yake. Mwalike afundishe: sheria za stoo zinaonekanaje ukiwa upande wa pili wa dirisha, zipi zinakera bure, mhudumu mpya hutambulika kwa kosa gani. Maswali myapitie naye siku mbili kabla, aseme yapi hataki. "Ulifikaje mtaani" liwe la kwanza kufutwa. Alipwe kiwango kilekile cha mwezeshaji mwingine, taslimu na siku hiyohiyo, si vocha ya chakula, maana vocha mbele ya darasa inasema "hatukuamini na pesa" na somo lote limekwisha. Kama anapokea msaada wowote wenye masharti ya kipato, ulizeni kwanza malipo hayo yasije yakamkatia. Akibadili nia asubuhi ile, alipwe nusu na asisumbuliwe.

Na kuna utafiti wa Harris na Fiske, wa miaka ya 2006 na 2007, unaowafaa kwenye kufungua darasa. Watu wakionyeshwa picha za wasio na makazi, sehemu ya ubongo inayoamka tunapomfikiria binadamu mwenzetu iliamka kidogo sana. Ikaongezeka walipoulizwa swali dogo: unadhani huyu anapenda mboga gani? Kwenye igizo la jikoni basi, kila mhudumu amuulize mteja anataka kipi kati ya vilivyopo kabla hajapakua. Inaongeza sekunde chache kwa kila sahani, kwa hiyo huenda mkahitaji mtu wa ziada kwenye foleni.